Kuseti STP kwenye swichi tatu: chagua mzizi mwenyewe

Jumatatu moja asubuhi niliitwa kwenye jengo la ofisi ambalo mtandao wake wote ulikuwa umelala. Simu za mezani zilikuwa kimya, printa hazionekani, na hata swichi zenyewe haziingiliki kwa SSH, yaani kwa mbali kupitia mtandao. Nilipofungua kabati la vifaa nilikuta taa zote za porti zikimetameta kwa pamoja, haraka haraka, bila kupumzika. Chanzo kilikuwa kebo moja ya mita mbili. Mtu aliyekuwa akipanga meza aliona ncha ya kebo inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu la ukutani kwa nia njema kabisa. Ncha ya pili ilikuwa tayari imechomekwa kwenye tundu la jirani.

Lakini kilichoniumiza zaidi nilikikuta kwenye mipangilio. Miezi kadhaa kabla, fundi aliyenitangulia alikuwa ameizima STP (Spanning Tree Protocol), itifaki inayofunga njia za ziada kati ya swichi ili kusiwe na kitanzi. Kompyuta zilichelewa kupata anwani ya IP kila zilipowashwa, watu wakalalamika, naye akaandika `no spanning-tree vlan 10` na malalamiko yakaisha. Tatizo lile lina dawa yake, na dawa yenyewe ni mstari mmoja tu, tutauona huko mbele. Kuizima STP ni sawa na kung'oa breki za gari kwa sababu zinapiga kelele.

Mwongozo huu ni wa swichi tatu za Cisco Catalyst 2960, aina ambayo bado iko kwenye makabati mengi: porti 24 za Fast Ethernet na mbili za gigabiti. Ukiwa na modeli nyingine, amri ni karibu zilezile.

## Kwanza, kwa nini kitanzi kinaua mtandao

Swichi ni daraja lenye porti nyingi. Kila fremu, yaani kifurushi cha data cha Ethernet, inapoingia, swichi husoma anwani ya MAC ya mtumaji (namba ya kifaa chake) na kukumbuka ilipitia porti ipi. Ikija fremu ya kwenda kwa mtu anayemjua, huipeleka kwenye porti yake tu. Ikija fremu ya brodkasti, yaani ya kwenda kwa wote, au ya mtu asiyemjua, huimwaga kwenye porti zote isipokuwa ile iliyoingilia.

Sasa unganisha swichi tatu kwa pembetatu. Fremu ya brodkasti inatoka ya kwanza kwenda ya pili na ya tatu. Ya pili inaimwagia ya tatu, ya tatu inaimwagia ya pili, kisha zote zinairudisha ilikotoka. Paketi ya IP ina TTL, hesabu inayopungua kila inapovuka ruta mpaka paketi inakufa. Fremu ya Ethernet haina kitu kama hicho. Ikishaingia kwenye kitanzi itazunguka mpaka mtu achomoe kebo au umeme ukatike, na kila mpya inayoingia inajiunga na zilizotangulia. Ndani ya sekunde chache hakuna nafasi ya kitu kingine.

Mwaka 1985, Radia Perlman, akiwa mhandisi wa Digital Equipment Corporation huko Marekani, alibuni njia ya kuziacha kebo za ziada mahali pake huku swichi zikipatana zenyewe ipi ifungwe. Swichi moja inakuwa mzizi, nyingine zinatafuta njia fupi ya kuufikia, na kila njia inayobaki inafungwa mpaka ihitajike. Kinachobaki ni mti, na kwenye mti hakuna namna ya kutoka tawi moja na kurudi palepale bila kupita ulikopita. IEEE, shirika la viwango vya teknolojia, iliichapisha kama kiwango cha 802.1D mwaka 1990, na toleo la haraka, 802.1w, likafuata mwaka 2001.

Uzuri wa kazi ya Perlman ni kwamba inafanya kazi hata usipogusa kitu. Hapo hapo ndipo mafundi wengi tunapojikwaa. Swichi zitachagua mzizi, ndiyo, ila hazijui ni ipi iko kwenye chumba chenye UPS na ipi iko chini ya ngazi karibu na ndoo za usafi.

## Chora, kisha acha kebo moja nje

Chukua karatasi. Chora swichi zako, kila kebo, na namba ya porti kwenye kila ncha. Mfano wetu ni huu:

MSINGI iko chumba cha seva, chini. GH1 iko ghorofa ya kwanza. GH2 iko ghorofa ya pili.

- MSINGI Gi0/1 kwenda GH1 Gi0/1
- MSINGI Gi0/2 kwenda GH2 Gi0/1
- GH1 Gi0/2 kwenda GH2 Gi0/2

Kebo ya tatu, ile inayofunga pembetatu, usiichomeke bado. Iache ining'inie mpaka mipangilio yote ikamilike.

Tafuta pia kebo ya konsoli, ya kuingilia swichi moja kwa moja bila mtandao, ile bapa ya rangi ya samawati, na uiweke mezani. Usitegemee SSH kwa kazi hii. Mtandao ukizidiwa, SSH ndiyo ya kwanza kukukimbia. Kasi ya konsoli ni 9600.

Kabla ya kubadili chochote, angalia hali ilivyo kwenye kila swichi:

```
show spanning-tree
show interfaces trunk
show running-config
```

Nakili majibu kwenye faili. Ukiona maneno `This bridge is the root`, basi hiyo ndiyo swichi iliyochaguliwa kuwa mzizi. Mara nyingi utashangaa ni ipi.

## VLAN na trunki

VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi zilezile, na trunki ni kiungo kinachobeba VLAN kadhaa kwa pamoja. Hapa nitapita upesi. Kwenye swichi zote tatu:

```
configure terminal
vlan 10
 name OFISI
vlan 20
 name WAGENI
vlan 99
 name USIMAMIZI
exit
interface range gigabitEthernet 0/1 - 2
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 1,10,20,99
 switchport nonegotiate
```

Kwenye modeli kama 3560 au 3750 utatanguliza `switchport trunk encapsulation dot1q`. 2960 haiijui amri hiyo kwa sababu haina aina nyingine ya trunki.

Jambo moja tu la kuangalia. Siku utakapoongeza VLAN 30, andika `switchport trunk allowed vlan add 30`. Ukisahau `add`, umeziondoa VLAN zote na kubakiza 30 peke yake, na kama ulikuwa umeingia kwa SSH kupitia trunki hiyohiyo, jiandae kupanda ngazi.

## Hamia kwenye STP ya haraka

STP ya zamani huchukua muda. Porti ikiwaka, inakaa sekunde 15 ikisikiliza na nyingine 15 ikijifunza anwani kabla ya kupitisha fremu. Njia ikikatika mbali, inaweza kuongezeka subira ya sekunde 20, jumla 50. Toleo la haraka halisubiri saa: swichi mbili huulizana na kukubaliana moja kwa moja, na mara nyingi mambo huisha ndani ya sekunde moja au mbili.

```
spanning-tree mode rapid-pvst
```

Iandike kwenye swichi zote tatu. Mti unajengwa upya unapobadili, kwa hiyo mtandao utakatika kidogo. Fanya jioni watu wakiwa wameondoka. Ukiacha swichi moja kwenye toleo la zamani, zile zinazopakana nayo zitajishusha ziongee lugha yake kwenye kiungo hicho, na hutapata ile haraka uliyoitaka.

Neno `pvst` lina maana kwamba kila VLAN ina mti wake. Ndiyo sababu amri nyingi zijazo zinataja VLAN.

## Chagua mzizi mwenyewe

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote.

Kila swichi ina kitambulisho cha baiti 8: mbili za kipaumbele, sita za anwani ya MAC. Zinapowaka, kila moja hujitangaza kuwa mzizi kwa ujumbe uitwao BPDU, unaotumwa kila sekunde 2. Inaposikia yenye kitambulisho kidogo kuliko chake, inanyamaza na kumfuata huyo. Mwenye namba ndogo kuliko wote ndiye mzizi.

Kiwandani swichi zote hupewa kipaumbele 32768. Zikilingana, anwani ya MAC ndiyo inayoamua, na ndogo inashinda. Viwanda hupewa anwani kwa mafungu kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo swichi kongwe mara nyingi ndiyo yenye namba ndogo. Nimewahi kukuta jengo ambalo mzizi wake ulikuwa swichi ya zamani ya megabiti 100 iliyosahauliwa stoo, na mazungumzo yote ya ghorofa mbili zenye gigabiti yalikuwa yakipitia humo. Hakuna aliyekosea amri yoyote. Hakuna aliyeandika amri yoyote.

Kwenye MSINGI:

```
spanning-tree vlan 1,10,20,99 priority 4096
```

Kwenye GH1, ambayo itashika nafasi MSINGI ikizimika:

```
spanning-tree vlan 1,10,20,99 priority 8192
```

GH2 iache na 32768 yake.

Namba lazima iwe kigawe cha 4096. Kati ya biti 16 za kipaumbele, 12 zinabeba namba ya VLAN na 4 tu ndizo zako. Ndiyo maana ukiangalia VLAN 10 utaona 4106: ni 4096 jumlisha 10. Usiogope, hakuna kilichoharibika.

Kuna amri ya mkato, `spanning-tree vlan 10 root primary`. Siipendi. Inaangalia nani ni mzizi wakati huo, inaweka namba itakayomshinda, kwa kawaida 24576, kisha kazi yake imekwisha. Kesho ikija swichi yenye 4096, inachukua mzizi na ile amri haitajitetea. Andika namba mwenyewe ili anayesoma mipangilio baada yako aone ulichokusudia. Wengine huweka 0 kabisa. Mimi huanza na 4096 ili siku ya kubadilisha vifaa nibaki na nafasi ya chini ya kuingizia swichi mpya bila kuigusa ya zamani.

Mzizi uwe swichi ipi basi? Ile ambayo fremu nyingi zinaelekea kwake hata hivyo: ilipo ruta, zilipo seva, penye umeme wa uhakika.

## Porti za watu

Sasa ile dawa niliyoiahidi. Kompyuta, printa au simu haiwezi kutengeneza kitanzi yenyewe, kwa hiyo porti yake haina haja ya kusubiri sekunde 30. PortFast inaipitisha mara moja. Lakini PortFast bila mlinzi ni mlango ulioachwa wazi, na mlinzi wake ni BPDU Guard: porti hiyo ikipokea BPDU hata moja, maana yake kuna swichi upande wa pili, au kebo imejirudia, na inazimwa papo hapo.

```
interface range fastEthernet 0/1 - 24
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
 storm-control broadcast level 5.00
```

Matoleo mapya ya programu yanataka `portfast edge`. Swichi yenyewe itakuonyesha ukibonyeza alama ya kuuliza.

Mstari wa mwisho una sababu yake. Kuna visanduku vidogo vya porti tano ambavyo watu hununua na kuweka chini ya meza. Baadhi hazipitishi BPDU. Mtu akichomeka kebo moja pande mbili za kisanduku cha namna hiyo, BPDU Guard haitaona chochote, ila fremu za brodkasti zitafurika. Kikomo cha asilimia 5 kinayazuia mafuriko yabaki chini ya meza ileile.

Usichanganye `bpduguard` na `bpdufilter`. Majina yanafanana, kazi zinapingana. Ukiweka filter kwenye porti, swichi haitumi wala haisikilizi BPDU, na umeizima STP pale bila kujua.

Porti ikizimwa na mlinzi utaona ujumbe kama huu:

```
%SPANTREE-2-BLOCK_BPDUGUARD: Received BPDU on port Fa0/7 with BPDU Guard enabled. Disabling port.
```

`show interfaces status err-disabled` itakuorodheshea zote. Ondoa chanzo kwanza, kisha `shutdown` na `no shutdown` kwenye porti hiyo. Swichi inaweza pia kujifungulia yenyewe kwa `errdisable recovery cause bpduguard`, kila baada ya sekunde 300 usipobadili. Kwenye jengo nililo karibu nalo sipendi kuiweka: nataka mwenye meza anipigie simu nikaone kilichochomekwa. Kwenye tawi lililo mbali kwa saa tano za basi, naiweka.

## Kulinda mzizi

Kwenye MSINGI, porti zinazoshuka kwenda ghorofani hazipaswi kamwe kuleta mzizi mwingine:

```
interface range gigabitEthernet 0/1 - 2
 spanning-tree guard root
```

Tafadhali usiinakili amri hii kwenye GH1 na GH2. Fikiria kebo ya MSINGI na GH1 imekatika. GH1 inatakiwa kuufikia mzizi kwa kupitia GH2, yaani kwa Gi0/2 yake. Ukiwa umeweka root guard pale, porti itafungwa, na ghorofa ya kwanza nzima itabaki kisiwani huku kebo ya akiba ipo na ni nzima.

Kwenye GH1 na GH2 weka hii badala yake:

```
spanning-tree loopguard default
```

Inasaidia pale faiba inapoharibika upande mmoja tu. Porti iliyofungwa ikiacha kusikia BPDU, bila loop guard itadhani njia ni salama na kujifungua, na kitanzi kinazaliwa.

## Funga pembetatu

Chomeka ile kebo ya tatu. Nenda GH2:

```
GH2# show spanning-tree vlan 10

Interface   Role Sts Cost  Prio.Nbr Type
Gi0/1       Root FWD 4     128.25   P2p
Gi0/2       Altn BLK 4     128.26   P2p
```

Hicho ndicho tunachotaka. Gi0/1 ndiyo njia ya kwenda mzizini. Gi0/2 ni akiba, imefungwa. Gharama 4 ni ya gigabiti moja. Megabiti 100 ni 19 na gigabiti 10 ni 2. GH1 na GH2 ziko umbali sawa kutoka mzizini, kwa hiyo kwenye kebo inayoziunganisha alishinda mwenye kitambulisho kidogo, GH1 mwenye 8192, na upande wa GH2 ukafungwa. Ukitabiri porti ipi itafungwa kabla ya kuandika amri, na ukapatia, umeielewa STP.

Taa ya Gi0/2 kwenye GH2 itakuwa ya rangi ya chungwa badala ya kijani. Bandika karatasi kando yake: “IKO SAWA, USICHOMOE.” Nimeona mafundi wakiibadilisha kebo hiyo mara tatu wakidhani ni mbovu.

Sasa jaribu. Kwenye kompyuta ya ghorofa ya pili anzisha pingi isiyokoma kwenda kwenye ruta, kisha chomoa Gi0/1 ya GH2. Zitapotea pingi moja au mbili, pengine hata moja isipotee, na Gi0/2 itakuwa inapitisha. Ukihesabu sekunde 30, kuna swichi iliyobaki kwenye toleo la zamani au kiungo ambacho hakikuandikwa P2p (cha moja kwa moja kati ya vifaa viwili). Angalia kama pande zote mbili ni full duplex, yaani zinatuma na kupokea kwa wakati mmoja. Rudisha kebo. Halafu fanya lile kosa la Jumatatu kwa makusudi: chomeka kebo moja kwenye Fa0/23 na Fa0/24 za swichi moja. Angalau mojawapo inapaswa kuzimika palepale na ofisi isihisi kitu. Usiache mpaka umeliona hilo kwa macho yako.

## Seva yenye daraja ndani

Seva ya Linux inayobeba mashine pepe nayo huwa na daraja lake, br0. STP yake huja imezimwa, na kama seva ina kebo moja tu kwenda kwenye swichi, iache hivyo. Ukiiwasha, itatuma BPDU na BPDU Guard itaizima porti ya seva, kisha utahangaika usiku mzima. Ikiwa na kebo mbili, usiziingize zote mbili ndani ya br0. Ziunge kwanza kwa bond ya aina ya active-backup (kebo moja ikifanya kazi, nyingine ikisubiri), kisha uweke bond hiyo kwenye daraja. Hakuna kitanzi, na hakuna haja ya STP ndani ya seva.

## Ukikutana na swichi za kampuni nyingine

Rapid-PVST ni ya Cisco. MikroTik, kwa mfano, daraja lake huja na RSTP ya kawaida, mti mmoja kwa VLAN zote, na huelewana na Cisco kupitia mti wa VLAN 1. Ndiyo maana nimeiweka VLAN 1 kwenye amri za kipaumbele na kwenye trunki. Kukiwa na zaidi ya swichi moja au mbili za kigeni, hamia MST kwenye zote, kiwango cha IEEE ambacho mti mmoja hubeba VLAN kadhaa. Jina la eneo, namba ya toleo na mgawanyo wa VLAN lazima vifanane herufi kwa herufi.

Na usirefushe mnyororo. Muda wa kawaida wa STP umepigiwa hesabu ya swichi 7 kutoka upande mmoja wa mtandao hadi mwingine. Mwezi Novemba 2002, hospitali ya Beth Israel Deaconess mjini Boston ilirudi kwenye makaratasi kwa siku kadhaa baada ya mtandao wake, uliokuwa umekua kwa kuunganishwa kipande kwa kipande kupita mpaka huo, kuangukia kwenye vitanzi.

## Dhoruba ikitokea

Dhoruba ni pale fremu zinapozunguka kitanzini na kuujaza mtandao. Ingia kwa konsoli. Ukiona ujumbe wa `MACFLAP_NOTIF`, unasoma anwani moja inayorukaruka kati ya porti mbili. Moja ya porti hizo inaelekea kwenye kitanzi. Kama skrini haijibu, chomoa kebo za kati ya swichi moja baada ya nyingine, kila mara ukitazama taa. Zikitulia, umepata upande. Usizime swichi zote kwa pamoja: zitawaka, kitanzi kitakuwepo bado, na utakuwa umefuta kumbukumbu zote zilizokuwa kwenye logi.

Mtandao usiolala lakini unaokwama kwama kila dakika chache ni habari tofauti:

```
show spanning-tree detail | include ieee|occurr|from|is exec
```

Hii inakuambia mti umebadilika mara ngapi, lini mara ya mwisho, na taarifa iliingilia porti ipi. Fuata porti hiyo hadi swichi inayofuata, rudia amri, mpaka ufike kwenye kebo legevu au porti ya kompyuta iliyokosa PortFast. Mti ukibadilika, swichi husahau anwani za MAC zilizojifunza na kuanza kumwaga fremu kila mahali. Hiyo ndiyo kwama kwama yenyewe.

Mwisho, kwenye swichi zote tatu:

```
copy running-config startup-config
```

Toa nakala ya mipangilio uiweke nje ya swichi, na mchoro wako, wenye alama kwenye porti iliyofungwa, ubandike upande wa ndani wa mlango wa kabati.